Uzito wa Mabawa ya Korongo

Mtaani walimwita Bwana Kadirio, na jina hilo alilivaa kama suti mpya. Ukipita mbele ya kibaraza chake na gunia begani, atakuambia lina kilo ngapi kabla hujamwamkia. Ukimwonyesha samaki uliyenunua, atamtazama samaki, atakutazama wewe, kisha atatikisa kichwa kwa huzuni: "Hapo umepunjwa robo." Akienda kumwona mtoto mchanga, wenzake watasema amefanana na baba yake, yeye atampakata, atampandisha kidogo na kumshusha kama anayechagua tikiti sokoni, kisha atatangaza kilo. Mara nyingi alikosea. Ila alikosea kwa sauti nzito na uso mkavu, na mtu anayekosea namna hiyo haulizwi mara mbili.

Aliyemuuliza mara mbili, na hata mara tatu, ni mkewe tu. Mama Pacha alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya watoto. Kutwa nzima alikuwa akiwaning'iniza watoto wa watu kwenye mizani, ile yenye uso kama wa saa, ndoano chini na kikaptula cha kitambaa, huku mtoto akilia na mama mtu akiomba aandikiwe hata gramu hamsini za bure. Mwanamke aliyeshinda akigombana na gramu harudi nyumbani kusikiliza makadirio.

"Umepima?" ndilo lililokuwa swali lake.

"Macho yangu yamepima."

"Basi leo macho yako ndiyo yatakupakulia," naye huuweka mwiko chini na kwenda zake kukaa.

Hivyo ndivyo walivyoishi, pacha wao wakakua wakaolewa, nao wakabaki wawili, wakibishana juu ya uzito wa mitungi ya gesi.

Kazi ya Bwana Kadirio ilikuwa kwenye makumbusho ya mji, jengo la zamani lenye dari ya mbao na feni zinazolalamika. Huko aliwatunza wanyama waliokaushwa. Aliwapiga brashi, akawabandika manyoya yaliyong'oka, akawasafisha macho yao ya kioo kwa pamba na maji ya vuguvugu. Wakubwa walikuja na kuondoka, yeye na wanyama wake wakabaki. Sasa palikuwa na mkurugenzi mpya, mama mwembamba mwenye mwendo wa mtu anayewahi duka kabla halijafungwa, naye alikuwa amekata shauri kwamba ukumbi mkubwa utafunguliwa upya, tena kwa kishindo.

Kishindo chenyewe kingekuwa korongo. Si korongo mdogo wa kwenye matope. Ni yule mkubwa kabisa, mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, anayesimama kama hakimu mstaafu anayedai pensheni. Miaka yote alikuwa amesimama kwenye kona, mabawa yamekunjwa, watoto wakimwogopa. Mkurugenzi alimpeleka kwa fundi wa mji mwingine amtengeneze upya, mabawa yakiwa yamekunjuliwa, ili aning'inizwe juu ya ukumbi kama anayetua.

Korongo akarudi ndani ya makreti matatu: mwili kwenye moja, na kila bawa kwenye kreti lake, refu kama jeneza la mtu mwembamba.

"Mzee," mkurugenzi alisema, makreti yakiwa bado mlangoni, "fundi chuma anataka kujua kila bawa lina uzito gani, ili atengeneze kitu cha kulishikilia. Yule fundi aliyemtengeneza korongo nimempigia simu mpaka nimechoka, hapatikani. Tutajuaje?"

Ni kama kumuuliza bata kama anajua kuogelea. Bwana Kadirio alikunja mikono ya shati, akashika ncha ya kreti moja, akaipandisha, akaishusha, akafumba jicho moja.

"Kilo kumi na mbili."

"Kila moja?"

"Kila moja. Korongo si kifaranga, mama."

Hakuwaza kwamba kreti lilikuwa la mbao nene, limejaa misumari na nyasi kavu zilizoshindiliwa. Alichokipima kilikuwa kreti. Lakini neno lilikwisha kutoka, tena kwa ile sauti nzito.

Mkurugenzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa tahadhari, akamwambia fundi chuma kilo kumi na tano. Na fundi chuma hakuwa mwingine ila mdogo wake Mama Pacha, yaani shemeji yake Bwana Kadirio mwenyewe. Huyo alikuwa mtu wa kupenda chuma kama wengine wanavyopenda sukari. Aliwahi kumtengenezea jirani mlango wa banda la kuku ambao mpaka leo hufunguliwa na watu wawili.

"Kumi na tano na kumi na tano, thelathini," alisema shemeji, akihesabu kwa vidole vyeusi vya grisi. "Mwili nao tuseme ishirini. Hamsini. Sasa mimi kwa usalama huzidisha mara tatu."

"Mara tatu ya nini?" mkurugenzi aliuliza.

"Ya usalama, mama. Hiki ni kitu cha juu ya vichwa vya watu."

Hapo nani angebisha? Usalama ni neno zuri. Shemeji akaenda zake kuwasha mashine ya kuchomelea, na Bwana Kadirio akarudi kwa wanyama wake, roho yake nyeupe.

Roho hiyo ilibadilika rangi siku alipofungua makreti. Alikuwa peke yake ukumbini. Aling'oa misumari, akatoa nyasi, akaona bawa limelala ndani ya karatasi laini, jeusi upande huu, la kijivu upande ule, manyoya yamepangika vizuri mpaka raha. Alitanua miguu, akavuta pumzi, akajikaza kama anayenyanyua gunia la saruji.

Bawa lilipaa. Lilimpita kifua, likampita uso, na kama asingekuwa amelishika vizuri lingeondoka dirishani. Yeye mwenyewe alirudi nyuma hatua kadhaa akaangukia matako, bawa likiwa limemfunika kama blanketi.

Akalinyanyua tena, taratibu. Mkono mmoja. Vidole viwili. Lilikuwa jepesi kama shati lililoanikwa likakauka.

"Haiwezekani," alimwambia nyani wa kwenye kabati la kioo.

Angeweza kwenda kusema papo hapo. Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa mwisho wa ukumbi, na mlango ulikuwa wazi. Lakini fikiria mtu amejenga jina lake kwa jicho moja la kufumba, halafu aende kusema kwamba jicho lile lilipima mbao na misumari. Alisimama, akajikung'uta, akaanza kupanga maneno ya kuanzia. Kabla hajayapanga, viatu vya mkurugenzi vikasikika sakafuni.

Na hapo, wallahi, mwili ulimtangulia akili. Alilikumbatia bawa kwa mikono miwili, akapinda mgongo, akaguna: "Uuuh!"

"Mzee! Usibebe peke yako, utaumia!"

"Usiguse, mama!" aliguna tena, magoti yakitetemeka vizuri kabisa. "Hili... ukilishika vibaya... linakuondoa kiuno."

Alilibeba hivyo mpaka kwenye meza, hatua kwa hatua, uso umekunjamana, akalitua kama anayetua mtungi wa maji. Jasho lilimtoka kweli, ila lilikuwa la aibu. Mkurugenzi akakimbia kumletea glasi ya maji, akasimama kumtazama kwa macho ya huruma yaliyomchoma kuliko matusi.

"Kwa umri wako, mzee," alisema. "Watu kama nyinyi hawapatikani siku hizi."

Baada ya hapo ingewezekana vipi kusema kweli? Aliamua kufa na tai shingoni.

Siku moja kabla ya ufunguzi, shemeji alileta chuma chake kwa mkokoteni. Fremu ilikuwa na upana wa kitanda cha watu wawili, imepigwa mabati pembeni, nondo katikati, na minyororo minne ambayo ingevuta lori lililokwama. Vibarua waliipandisha asubuhi kwa kelele na kuhesabiana, shemeji juu ya ngazi akifunga boliti kwenye mbao za dari, akipiga mluzi.

Korongo hakuwa amepanda bado. Mwili ulikuwa mezani, mabawa kando yake. Juu palikuwa na chuma peke yake. Na dari, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haijabeba kitu ila feni na popo, ikaanza kusema: krrr. Inanyamaza. Krrr.

"Inazoea," shemeji alisema kutoka juu.

Bwana Kadirio aliona vumbi jembamba linateremka, laini kama unga, likatua kwenye viti vilivyopangwa. Viti vya plastiki vilikuwa vya wageni wa kawaida. Katikati, chini kabisa ya chuma kile, mkurugenzi alikuwa ameweka kiti kimoja cha mbao chenye mto mwekundu.

"Hapa atakaa mgeni rasmi," alisema, uso umechangamka. "Akiinua macho tu, anamwona korongo anamshukia." Akakaa yeye mwenyewe kujaribu. Akainua macho. Vumbi likamwangukia kwenye nywele, naye akalipangusa bila kujali, akatabasamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Tabasamu lile ndilo lililommaliza Bwana Kadirio. Aliona chuma, akaona nywele zenye vumbi, akaona mto mwekundu, na jina lake lote la mtaani likawa dogo kama kidonge.

"Mama, inuka hapo," alisema.

"Kwa nini?"

"Inuka tu. Kuna... kuna siafu."

Mkurugenzi aliruka. Bwana Kadirio akamwambia anatoka na bawa moja kidogo, kuna kazi ya mwisho hawezi kuifanyia ndani, akalifunika kwa shuka na kulibeba kwa miguno hadi nje. Alipopita geti tu, alilibana kwapani kama mwavuli akaanza kutimua mbio.

"Mzee!" mlinzi wa geti alimwita. "Mbona limepungua uzito ghafla?"

Barabarani watu walimpisha. Ncha ya bawa ilichungulia nje ya shuka, na mwuza magazeti akamwuliza malaika wake amepatwa na nini. Alichotaka ni kitu kimoja: uzito wa kweli, uliosomwa na mtu asiyebahatisha. Akienda kwa mkurugenzi na "nadhani nilikosea," ataulizwa sasa anadhani ni kiasi gani, na hapo atakuwa anakadiria tena.

Kliniki ilijaa. Akina mama walikaa kwenye mabenchi, watoto wakilia kwa zamu. Mama Pacha alikuwa mbele, koti jeupe, miwani puani, anasoma mizani.

"Mama Pacha, ni dharura."

"Foleni inaanzia kule nyuma," alisema bila kuinua kichwa.

"Ni mimi, mke wangu."

"Nimekuona. Foleni inaanzia kule nyuma."

Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na bibi mmoja aliyempakata mjukuu mnene. Bibi alilitazama furushi la shuka.

"Wako ana miezi mingapi?"

"Huyu ni mkubwa, bibi."

"Mrefu kweli. Amechukua kwa nani?" Akafunua pembe ya shuka amwone uso, akayaona manyoya. Akaifunika upesi. Baada ya kitambo alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumkatisha mzazi tamaa: "Wengine hubadilika wakikua."

Zamu yake ilipofika, Mama Pacha alishika kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Mama Pacha, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Jina la mtoto, baba. Wenzako wanasubiri."

"Bawa," alisema Bwana Kadirio.

"Bawa la?"

"La kushoto."

Akina mama wakavunjika mbavu. Mmoja alilazimika kumpa jirani mtoto wake amshikie. Mama Pacha hakucheka. Alilifunua, akalitazama bila haraka, akalifunga bendeji katikati, akalitundika kwenye ndoano mahali pa kikaptula. Bawa likajizungusha polepole juu ya sakafu ya kliniki, na watoto wote wakanyamaza kulitazama. Mshale wa mizani ulitikisika kidogo tu, kama mtu aliyeguswa usingizini.

"Ulikadiria ngapi?"

Bwana Kadirio akanong'ona.

"Sijasikia."

"Kumi na mbili!"

Alitoa bawa, akapima bendeji peke yake, akalipima bawa tena. "Gramu mia tisa," alisema. "Angekuwa mtoto, ningemkimbiza hospitali." Kisha akaona kwamba mumewe hajaribu hata kubisha, na hilo halijawahi kutokea tangu wafunge ndoa. Akavua miwani. "Kuna nini?"

Alimwambia yote: kreti, ile miguno, glasi ya maji, chuma, dari, kiti chenye mto. Alipofika kwenye "mara tatu ya usalama," Mama Pacha alifumba macho.

"Mdogo wangu ametundika chuma hicho juu ya watu kwa ajili ya hiki?"

"Kwa ajili ya neno langu."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali. Alimwachia mwenzake kalamu, akaing'oa mizani ukutani na ndoano yake. "Ukienda na maneno hawatakuamini, na mimi nisingekuamini. Twende."

Basi mji ukawaona wakikimbia pamoja mchana kweupe, muuguzi na mizani kifuani, mumewe na bawa kwapani. Njiani alihema mpaka akasimama, na mkewe akamngoja.

"Nawe siku moja nitakupandisha kwenye mizani," alisema. "Unajiita kilo sabini."

"Sabini na mbili."

"Tisini haikosi."

"Umepima?" aliuliza, naye Mama Pacha kwa mara ya kwanza siku hiyo akashindwa kujizuia, akacheka huku akimvuta mkono.

Ukumbini, shemeji alikuwa bado juu ya ngazi, mkurugenzi chini akipanga maua. Dari ilisema krrr, ndefu kuliko za mwanzo.

"Shuka," Mama Pacha alimwambia mdogo wake kutoka mlangoni.

"Dada! Karibu. Nimebakiza nati moja."

"Nimesema shuka, kabla sijawasimulia hawa jinsi ulivyozimia kwa sindano ya pepopunda."

Shemeji alishuka. Mama Pacha akaangaza huku na huku mahali pa kutundika mizani, hakuona, ila nje ya ukumbi, kwenye veranda, palikuwa na ndoano ya taa. "Wote huku," alisema kwa ile sauti ya kupanga foleni, nao wakamfuata wote, mkurugenzi akiwa bado na ua mkononi.

Alilitundika bawa. Mshale ukatikisika, ukatulia.

Shemeji aliinama, akautazama mshale, akaigonga mizani kwa kidole. "Hii imeharibika."

"Jitundike wewe tuone kama imeharibika."

Mkurugenzi alimgeukia Bwana Kadirio. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani.

"Lakini mzee, ulikuwa unaguna."

"Niliguna."

"Nilikuletea maji."

"Yalinisaidia, mama." Akalishika bawa lisizunguke. "Nilipima kreti, si bawa. Siku nilipolifungua nilijua, nikaona haya kusema. Kosa ni langu lote, na hicho chuma kishushwe sasa hivi kabla..."

Hakumaliza. Ndani ya ukumbi dari ilisema neno moja refu, si krrr tena, kisha kukawa na mshindo uliorusha ndege wote walio hai kwenye paa na kumwamsha mlinzi wa geti, ambaye alikuwa ameapa mbele ya mkurugenzi kwamba hasinzii kazini. Vumbi likatoka mlangoni kama moshi. Wote wanne wakasogea mlangoni.

Walipoingia, chuma kilikuwa kimelala kifudifudi katikati ya ukumbi. Juu palikuwa na tundu kubwa, na kupitia tundu lile zilionekana kenchi za paa na kipande cha bati la kioo kinachopitisha jua. Kiti cha mgeni rasmi hakikuwapo tena. Palikuwa na vijiti na kona moja ya mto mwekundu. Korongo kwenye meza yake pembeni hakuguswa hata unyoya. Hakuwa amening'inizwa kwenye kile chuma hata kwa dakika moja. Kilichoanguka ni kile kilichowekwa ili yeye asianguke.

Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaficha uso. Mabega yakaanza kumtikisika, na Bwana Kadirio akamsogelea akitafuta neno la kumtuliza mwanamke anayelia, mpaka alipogundua kwamba analia na kucheka kwa pamoja.

"Siafu," alikuwa akisema. "Mzee aliniambia kuna siafu!"

"Nifukuze tu, mama," alisema Bwana Kadirio.

"Nikufukuze? Wewe ulisema kumi na mbili, mimi nikafanya kumi na tano, nikaona nimekuwa na akili sana." Alimnyooshea shemeji kidole. "Na huyu akazidisha. Nikikufukuza wewe itabidi nijifukuze na mimi, halafu kesho mgeni rasmi apokewe na nani? Nyani?"

Kazi ilianza papo hapo. Mama Pacha alipima kila kipande, mwili, kichwa, bawa la kulia, mpaka vijiti vya kuunganishia, akitaja uzito kwa sauti na kukataa kurudia. Korongo mzima, na ukubwa wake ule na kujiona kwake kule, hakufika kilo sita. Shemeji, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa, alipanda kwenye kenchi na waya mwembamba.

"Hata mnyororo mmoja?" aliomba kutoka juu. "Kamnyororo kadogo tu?"

"Hapana!" walimjibu wote watatu.

Tundu halikuwezekana kuzibwa kwa siku moja. Wakaona bora walikate kingo zake liwe la mviringo, likapigwa rangi nyeupe, na korongo akapandishwa katikati yake. Jioni kabla ya kufunga, Bwana Kadirio alimsafisha macho kwa pamba, akiwa wa mwisho kati ya wanyama wake wote.

Ufunguzi ulikuwa wa kufana. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, aliketishwa kwenye kiti cha ofisi cha mkurugenzi. Aliinua macho, akaona ndege mkubwa anateremka kutoka kwenye duara la mwanga, mabawa wazi, jua likipita kati ya manyoya.

"Hilo tundu," alisema. "Nani alibuni hilo tundu?"

Mkurugenzi alikohoa. "Ilikuwa kazi ya pamoja, mheshimiwa."

"Akili kubwa. Akili kubwa sana." Akamgeukia Bwana Kadirio, aliyesimama karibu na koti lake safi. "Na hayo mabawa, mzee? Mimi nakisia hayapungui kilo kumi na tano kila moja."

Shemeji aliyekuwa safu ya tatu alijiinamia, akaanza kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Gramu mia tisa, mheshimiwa," alisema Bwana Kadirio.

Mgeni rasmi alicheka mpaka kiti cha ofisi kikazunguka. Akampiga Bwana Kadirio begani, akamwambia msaidizi wake kwamba wazee wa makumbusho wana utani, na kwenye hotuba yake akasema kilo kumi na tano, watu wakapiga makofi. Bwana Kadirio alifungua mdomo, akamwona Mama Pacha amesimama nyuma ya viti na nguo yake ya kutokea, anamtazama. Akaufunga. Mkewe akamwinamishia kichwa kidogo, kama anavyomfanyia mama aliyesubiri foleni bila kusukuma.

Wageni walipoondoka, na viti vya plastiki vikarundikwa, Mama Pacha hakuelekea mlangoni. Miaka yote ile hakuwahi kukanyaga pale, mpaka jana alipokuja mbio na mizani. Alikuwa akijua tu kwamba mumewe hurudi jioni na vumbi kwenye mikunjo ya shati, naye humlalamikia. Sasa alitembea polepole mbele ya makabati ya vioo, mikono nyuma.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Fisi. Sikio hili lilikuwa limeliwa na nondo, nikalishona."

Alisogeza uso karibu na kioo. "Halionekani."

"Ndiyo kazi yenyewe, lisionekane."

"Na huyu?"

"Nungunungu. Huyu alinichoma miezi mitatu."

Mama Pacha alicheka, akasogea kwa anayefuata. Mkurugenzi alichungulia akiwa na funguo mkononi, akataka kusema wanafunga, akawaona, akarudi ofisini kwake taratibu, bila kupiga kisigino sakafuni.

"Huyu je?" Mama Pacha aliuliza, ameinama mbele ya kabati la chini. "Mdogo hivi, mwenye macho makubwa. Mbona anaonekana kama ametishwa?"

"Huyo ni komba," alisema mumewe, akachuchumaa kando yake, magoti yakilia. "Hajatishwa. Ndivyo alivyo. Ngoja nikuwashie taa umwone vizuri."